Mwenye Chombo na Nahodha: Juu ya Raha ya Gari la Spoti

Katika lugha yetu mna vitenzi viwili ambavyo wanafunzi huvichanganya mara kwa mara, na ambavyo hata sisi walimu huvipita upesi tunaposahihisha madaftari: kumiliki na kumudu. Mtu humiliki shamba, nyumba au ng'ombe kwa sababu amenunua, amerithi au amepewa. Hati ikishatiwa sahihi umiliki umekamilika. Hauongezeki kesho wala haupungui kesho kutwa. Kumudu si hivyo. Mtu humudu kazi, au farasi, au lugha ya kigeni, wala hapana ofisi itoayo hati ya jambo hilo. Watu wa pwani waliyapambanua mambo haya mawili kwa vyeo: mwenye chombo alikuwa mtu mmoja na nahodha aghalabu alikuwa mwingine, na yule wa kwanza, hata kama alikuwa na majahazi kumi, alipopanda katika jahazi lake mwenyewe alikaa alipoonyeshwa. Wala hakuona kuwa amevunjiwa heshima.

Nimeuanza mjadala huu baharini ili nije kuzungumzia chombo cha nchi kavu, nacho ni gari la spoti: gari dogo la watu wawili, lililoinama karibu na ardhi, ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya mizigo wala familia bali kwa ajili ya raha ya kuliendesha. Nauliza, mtu anunuapo gari kama hilo amenunua nini hasa? Na raha aitafutayo, je, ni raha ambayo mtu mwenye busara anaweza kuitetea mbele ya wenzake? Huenda msomaji akaona kuwa swali hili ni dogo mno kwa kurasa zilizozoea kujadili sarufi na ushairi. Lakini maswali ya maadili hayaji kwetu yamevaa joho sikuzote; mengi huja yamevaa kandambili.

Mpwa wangu mmoja, mhandisi wa ujenzi hapa Kampala, alinunua gari la namna hiyo baada ya kuweka akiba kwa miaka saba. Ni Mazda MX-5, iliyotumika kwanza Japani kabla haijavuka bahari hadi Mombasa na kupanda bara. Siku alipolileta nyumbani majirani walilizunguka kama watu wanaotazama bibi arusi. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliinama akachungulia ndani, akauliza: “Sasa mama yako atakaa wapi?” Watu wakacheka, na kijana mwenyewe akacheka, lakini swali lile lilibeba hukumu nzima. Nitalirudia. Kwanza napenda kueleza jambo aliloniambia mpwa wangu mwezi mmoja baadaye, kwa sababu ndilo lililonitia hamu ya kuandika: “Mjomba, gari nimelipata, lakini bado sijalipata.”

Alikuwa na maana gani? Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwaka 1989. Injini yake ya mwanzo ilikuwa ya lita 1.6, nguvu zake kiasi cha farasi 115, na uzito wake haukufika tani moja. Hayo si makubwa. Leo magari mengi ya familia yataliacha nyuma katika barabara iliyonyoka. Wahandisi wake hawakushindania mwendo. Waliongozwa na msemo wa Kijapani, jinba ittai, utokanao na ustadi wa kupiga mishale juu ya farasi, na maana yake ni kwamba mpandaji na mnyama wamekuwa mwili mmoja. Basi mtu akikaa katika gari hilo akitaraji kwamba gari ndilo litakalomfurahisha, kama sinema inavyomfurahisha aliyelipa kiingilio, atasikitika. Litampa kelele, joto, na maumivu ya kiuno kila apitapo juu ya tuta. Mpwa wangu aliyapata yote hayo, na alikuwa ameyalipia.

Ilimbidi ajifunze. Na jambo la kwanza alilojifunza ni kwamba hakujua kukaa. Alikuwa ameendesha magari kwa miaka kumi huku ameegemea nyuma, mkono mmoja dirishani, usukani ukiwa mbali naye. Mwalimu wake, fundi wa makamo aliyewahi kushiriki mbio za magari, alimsogeza mbele mpaka viwiko vikakunjika na mgongo ukagusa kiti pote, ili aweze kuhisi kwa mwili kile ambacho gari linafanya. Jambo la pili lilikuwa macho. Mwanafunzi hutazama pale alipo. Mjuzi hutazama pale atakapokuwa, nayo mikono hufuata macho bila kuamrishwa. Ni vivyo hivyo kwa mtoto asomaye kwa sauti: anayekodolea silabi moja moja hukwama, na anayetanguliza jicho neno moja au mawili husoma kwa mtiririko.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni breki. Gari lote hushikana na ardhi kwa vipande vinne vya mpira ambavyo kila kimoja hakizidi sana ukubwa wa kiganja. Vipande hivyo vina uwezo wenye mpaka, nao uwezo huo hugawanywa: ukiutumia kusimamisha, unabaki mchache wa kukata kona. Kwa hiyo mwendo hupunguzwa kabla ya kona, gurudumu likiwa limenyoka. Ndani ya kona mguu hutulia. Na kona inapofunguka ndipo mafuta huongezwa. Kuieleza kanuni hii huchukua dakika moja, na kuitii huchukua miezi, kwa kuwa inakwenda kinyume na silika. Mtu aliyeingia kwenye kona kwa kasi kupita kiasi hushtuka, na ashtukapo huondoa mguu kwenye mafuta ghafula au hukanyaga breki. Hapo uzito wa gari hukimbilia mbele, magurudumu ya nyuma huwa mepesi, na mkia wa gari huanza kutoka njiani. Porsche 911, iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963, injini yake iko nyuma ya mhimili wa magurudumu ya nyuma, na matoleo yake ya zamani yalijulikana sana kwa tabia hiyo. Gari lilimwadhibu dereva kwa kufanya jambo ambalo kila mwenye hofu angelifanya.

Naona katika jambo hilo falsafa nzima ya woga. Tumezoea kusema kuwa dereva hodari ni yule asiyeogopa. Kumbe sivyo: dereva hodari huogopa mapema, pale ambapo kuogopa kunaweza bado kusaidia, na mita mia kabla ya kona ameshaumaliza woga wake kwa kukanyaga breki. Mshamba huogopa kwa kuchelewa, na woga wake ndio unaomtupa mtaroni. Wote wawili wana woga ule ule; wamepishana kwa saa.

Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na kwamba ndivyo tunavyopata tabia njema pia: kwa kuzitenda kabla hazijawa zetu. Akafundisha vilevile kuwa raha si kitu kilicho kando ya tendo, kama mshahara ulivyo kando ya kazi, bali ni ukamilifu wa tendo lenyewe linapotendwa vizuri. Kila mwalimu wa fasihi ameliona hilo. Mwanafunzi aliyeanza kusoma utenzi kwa kamusi mkononi hafurahii kitu. Anahesabu mizani kama mtu anayehesabu madeni. Mwaka wa tatu, siku moja, unamwona anatabasamu peke yake juu ya kitabu. Raha ile haikuuzwa pamoja na kitabu dukani. Ndivyo mpwa wangu alivyoniambia, baada ya miezi minne, kwamba alibadili gia kutoka ya tatu kwenda ya pili na gari halikutikisika hata kidogo, akajikuta anaimba. Tendo lenyewe lilidumu kwa nukta moja tu.

(Ajabu ni kuwa hata gari jipya kabisa, ambalo mnunuzi ameliagiza kwa mamilioni, huanza kwa kumkalisha kama mwari. Watengenezaji wengi humtaka asiizungushe injini kwa nguvu zake zote katika kilomita elfu moja au zaidi za mwanzo, na matairi mapya nayo huteleza mpaka yasuguliwe na barabara. Fedha zimekwisha lipwa, na bado mwenye gari haruhusiwi.)

Kwetu Afrika ya Mashariki tofauti hii ya mwenye chombo na nahodha ilipimwa mbele ya macho ya watu wote. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na katika miaka yake ya mwanzo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Viwanda vikubwa vya Ulaya vilileta magari na madereva mashuhuri, na mara nyingi vilirudi na vyuma vilivyopinda. Porsche ilikuja na 911 ikashika nafasi ya pili mwaka 1974 na tena mwaka 1978, lakini Safari hizo haikuzishinda. Mwaka 1973 aliyeshinda ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye alihamia Kenya mwaka 1972 wakati wa utawala wa Idi Amin. Gari lake lilikuwa Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili ambalo mtu angelidhani limeumbwa kwa ajili ya lami peke yake. Yeye na Harry Källström, raia wa Sweden aliyeendesha Datsun nyingine, walimaliza wakiwa na alama za adhabu sawasawa. Ushindi ulitolewa kwa Mehta kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982. Ninapenda sana kanuni ile ya kuamua sare. Haikuuliza nani alikwenda kasi kuliko mwenzake, iliuliza nani alichelewa kukosea.

Sasa nirudi kwa mzee na swali lake. Hapana shaka alisema kwa niaba ya wengi. Katika nchi ambamo watu maelfu huenda kwa miguu, akiba ya miaka saba kuishia katika viti viwili ni jambo la kuulizwa. Lakini naona kuwa neno anasa, tulitumialo kuhukumu, limebeba mambo mawili yasiyofanana. Moja ni fahari. Fahari haiwezi kukaa peke yake. Inahitaji watazamaji, na gari la fahari likiegeshwa gizani thamani yake huzimika. La pili ni raha ya kumudu, ambayo haina haja ya mtazamaji yeyote. Mwenye fahari hulipeleka gari mbele ya hoteli. Mwenye raha ya kumudu hulipeleka pale ambapo barabara ina kona. Wako pia matajiri wanaonunua magari ya namna hii na kuyafungia ghalani miaka nenda miaka rudi, wakingoja bei ipande. Hao ni wenye chombo waliotia nanga siku ya kwanza, na sioni kama wana hoja yoyote ya kutetea zaidi ya biashara.

Swali la mzee, basi, linaipiga fahari na kuiangusha. Je, linaiangusha na raha ya kumudu? Hapa sisi walimu tujihadhari. Jamii ikiruhusu yale tu yanayolisha na kuvisha, darasa la ushairi ndilo litakalofungwa kwanza. Tarumbeta halipiki ugali. Hata hivyo siwezi kumsamehe mtu kwa sababu tu anacheza vizuri. Mpwa wangu aliwalipia wadogo zake wawili karo mpaka walipomaliza chuo, na mama yake anaishi katika nyumba ambayo yeye aliiezeka. Lau asingalifanya hivyo, ningaliungana na mzee yule, na ustadi wote wa kubadili gia usingalinigeuza. Haki ya kujifurahisha si haki ya kwanza katika orodha. Nadhani ni ya nne au ya tano, lakini imo.

Lipo shtaka lingine, nalo ndilo zito, kwa kuwa haliwezi kujibiwa kwa karo iliyolipwa. Barabara si ya dereva peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu kama milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na kwamba zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hao hawakununua kitu. Anayejifunza kumudu chombo chenye nguvu hujifunza, kwa sehemu, juu ya miili ya watu wengine. Nayo hesabu ya mwendo haina huruma: ukienda kwa kilomita 80 kwa saa badala ya 40, umbali unaohitajika ili breki zisimamishe gari hauwi mara mbili, huwa mara nne.

Wapenzi wa magari wa Ulaya husifu barabara tupu ya milimani wakati wa alfajiri. Huku kwetu hakuna barabara tupu. Alfajiri ndiyo saa ya watoto kwenda shule na ya akina mama kwenda shamba. Barabara yetu ni soko, ni njia ya ng'ombe, ni mahali pa kuanikia mahindi. Ukipita Namawojjolo kwenye njia ya Jinja, au Lukaya kwenye njia ya Masaka, wauza nyama na ndizi za kuchoma hulikimbilia gari kabla halijasimama. Hata Mbio za Safari zilijikuta mbele ya ukweli huu. Hadi mwaka 2002 zilikimbiwa katika barabara zilizo wazi kwa watu wote, helikopta zikitangulia ili kuwaonya madereva juu ya mifugo na mabasi. Ziliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, sehemu za mashindano zilifungwa kwa umma. Wako wanaosikitika kwamba ladha imepotea. Mimi sisikitiki.

Wengine watasema kuwa mitambo imekwisha tutatulia tatizo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1995 magari yameanza kupewa chombo kinachohisi gurudumu linapoanza kuteleza, kikalishika breki chenyewe kabla dereva hajajua. Chombo hicho kimeokoa watu wengi, na sitaki mtoto wa mtu yeyote abebwe katika gari lisilokuwa nacho ikiwa lenye nacho linapatikana. Lakini mwanafunzi aliyezoea kusahihishwa kimyakimya haijui daraja yake. Anadhani anaandika insha nzuri, kumbe ni kaka yake anayepita nyuma na kalamu.

Ninaamini kuwa uamuzi mkubwa wa maadili katika jambo hili hufanyika dukani, kabla ufunguo haujageuzwa. Gari jepesi lenye nguvu ndogo huanza kusema na dereva wake kwa mwendo wa kilomita 50 au 60. Usukani unazungumza, kona ya kawaida inakuwa somo, na raha yote ya kupanga breki na gia hupatikana pasipo kumtisha muuza ndizi. Gari zito lenye nguvu nyingi hunyamaza katika mwendo huo. Linaanza kuzungumza pale ambapo sheria imekwisha kukataza, na hivyo mwenye nalo huwekwa njia panda kila siku: ama akae na chombo kilicholala, ama akiamshe mahali ambapo watu wanapita. Mtu mwema anaweza kujitia katika mtihani wa namna hiyo bila kujua, kwa kuwa tu alisoma hesabu ya nguvu za farasi na kuona kuwa kubwa ni bora.

Nasema hayo kwa kuwa jambo lenyewe halijaisha. Wiki chache zilizopita mpwa wangu alinijia na habari kwamba dalali mmoja anamtaka abadilishane: atoe gari lake na fedha kidogo juu yake, apewe lingine lenye nguvu za farasi zaidi ya 300. Amekwisha limudu hili, akasema, na sasa anahitaji mwalimu mkali zaidi. Nilimweleza haya niliyoyaandika hapa, juu ya kilomita 50 na juu ya Lukaya. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: “Lakini mjomba, hata wewe husomi kitabu kile kile kila mwaka.”

Nikamwambia kuwa mwalimu wa fasihi hufanya hivyo hasa, kila mwaka, na darasa zima likiwa mbele yake. Alicheka. Dalali bado anampigia simu.